Mkono wa Ubiera

Ijumaa ulikuja zamu ya tisa, Ubiera,
tukiwatangulia wa mji mkuu kwa alama moja,
moja tu, nyembamba kama uzi wa kifungo.
Ulipanda kile kichuguu chako cha udongo mwekundu,
ukausugua mpira kama mtu anayepangusa yai.
Mpira wa kwanza sikuuona.
Niliusikia ukitua kwenye glavu ya Chago: pa!
Wapigaji watatu walikuja, watatu wakarudi
wakiburuta magongo kama mikongojo.
Nikampigia simu shemeji Eliseo.
Sikusema neno. Nilicheka, nikakata.

Dau letu ni hili: atakayepoteza mechi mbili kati ya tatu
atavaa kofia ya mwenzake mwezi mzima,
hata kanisani, hata kwenye picha ya Noeli
pale kwa mama mkwe, ambaye ni wa buluu.
Mke wangu ni wa buluu pia.
Nililijua hilo kabla ya ndoa
na bado nikaoa.

Jumamosi nilikuwa gereji,
redio juu ya rundo la matairi,
mikono ndani ya beseni nikitafuta tundu la pancha.
Alama tatu mbele. Tatu!
Mtangazaji akataja jina lako, nami nikatabasamu, mjinga mimi.
Mpira wa kwanza chini. Wa pili juu.
Wa tatu karibu umtoboe refa.
Wa nne sijui ulikwenda wapi, nadhani ulivuka mto Yaque.
Mtu akatembea bure hadi kituo cha kwanza.
Kisha mwingine. Kisha mwingine.
Kisha yule wa nne, na wa kwanza akaingia nyumbani
taratibu, kama anayetoka kununua mkate.
Halafu likaja gongo, nikasikia uwanja mzima ukinyamaza
kupitia spika ndogo kuliko kisahani.
Viputo vilikuwa vikitoka kwenye mpira wa tairi
na mimi sivioni.
Simu ikalia. Eliseo. Alicheka tu, akakata.

Afadhali ungekuwa mbovu moja kwa moja.
Tungekuzoea, kama tulivyozoea umeme
kukatika saa mbili na kurudi saa nne.
Lakini wewe leo asali, kesho shubiri,
na mkono ni ule ule, bega ni lile lile,
hata ile namna ya kuvuta kofia mara mbili.
Mchuma janga hula na wa kwao:
wewe unarusha, sisi tunakosa usingizi
mtaa mzima, na muuza kahawa anatajirika.

Jumapili Eliseo alipanda basi akaja mwenyewe.
Tulikaa nyuma ya wavu, karanga katikati yetu.
Zamu ya tisa. Alama moja.
Kocha akatoka, akagusa mkono wake wa kulia,
na watu elfu kumi wakasema, "Siyo yeye!"
Mimi pia nilisema. Nisamehe. Nilisema kwa nguvu.

Wa kwanza ukamtembeza. Eliseo akanikaribisha karanga.
Wa pili akapiga hewa mara tatu.
Wa tatu akaupeleka juu, ukadakwa ukutani,
mgongo wa mdakaji ukiliza mabati.
Wa nne akapenyeza katikati; mtu kituo cha kwanza, mtu cha tatu.
Wa tano: mibaya mitatu, halali mbili.
Ukavuta kofia mara mbili.
Chago akaweka glavu hapa,
nawe ukarusha kule,
kule kabisa, mbali, karibu na ndoo ya maji,
na yule kijana akaufuata kwa gongo lake
kama mbwa anayefukuza pikipiki.
Hewa.

Uwanja ukalipuka. Mtu nisiyemjua akanibusu kipara.

Ule ulikuwa mpira mbaya, Ubiera.
Nilikuwa nyuma ya wavu, niliuona.
Eliseo naye aliuona. Akavaa kofia yangu nyekundu,
jasho langu likiwa bado ndani yake, akasema,
"Angesimama tu. Angesimama tu kama mti."
Sikumjibu. Karanga zilikuwa zimekwisha,
tulikuwa tunatafuna maganda.

Usiniulize kama nakuamini.
Jumanne tunakwenda kwao.
Nimenunua betri mpya za redio,
na lile tairi la Jumamosi limerudi,
linavuja palepale.